Aegyo ya Kikorea: nani anadeka kwa nani, na kwa nini

Dada msomaji,

Unaeleza kwamba umejifunza Kikorea kwa kutazama tamthilia, na kwamba umezoea kuwasikia humo wanawake watu wazima wakibana sauti na kuyavunja maneno kama watoto wanapozungumza na wachumba wao au na baba zao. Wewe mwenyewe ulimwandikia profesa wako Mkorea ujumbe usemao "Gyosunim, annyeonghaseyong~ Gwaje naeil naedo dwaeyong?", ukiamini kuwa unamsalimu na kumwuliza kwa adabu na uchangamfu kama unaweza kuwasilisha kazi yako kesho. Alikujibu kwa upole kwamba ni vyema usimwandikie hivyo. Sasa unataka kujua mtindo huo ni kitu gani, kwa nini haukufaa ilhali sentensi zako zilikuwa na kiishio cha heshima, na kama mwanamke anayeutumia anajidhalilisha.

Wakorea huuita mtindo huo aegyo, neno linalotamkwa karibu na "egyo". Kamusi kuu ya Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea huueleza kwa ufupi kuwa ni namna ya kujionyesha mwenye kupendeka machoni pa wengine. Si maneno peke yake: mashavu hujazwa hewa, ngumi mbili hupelekwa mashavuni na kutikiswa, mdomo huchongolewa kwa kununa kusikokuwa na hasira. Sisi tungesema mtu huyo anadeka, nami nitalitumia neno hilo mara kwa mara hapa. Hata hivyo, wengi wanaoitazama aegyo kutoka mbali hudhani ni utoto au ni mbinu ya mapenzi tu, na dhana hiyo ndiyo iliyokuponza. Kwa maoni yangu aegyo ni njia ya mtu wa chini kumsogelea mtu wa juu na kumwomba kitu bila kumwondoa katika nafasi yake ya ukubwa, na usipoiona ngazi hiyo, huwezi kuona kwa nini ujumbe uleule humfurahisha mmoja na kumkera mwingine.

Tuanze na sauti, kwa kuwa hapo ndipo inapodhihirika kwamba aegyo ina kanuni na si kubwabwaja ovyo. Vipasuo vya Kikorea, yaani sauti kama p, t na k, ni vya aina tatu: vipo vilivyo legevu, vipo vya kukaza koo ambavyo kwa hati za Kilatini huandikwa kwa kurudia herufi, kama tt na pp, na vipo vinavyotoka na pumzi nyingi. Watafiti wa lugha ya watoto wameonyesha kwamba mtoto wa Kikorea huvimudu kwanza vile vya kukaza, na kwamba sauti s humchelewea, hivyo kwa muda fulani huweka tt au jj mahali ambapo mtu mzima angetamka s. Mtu mzima anayedeka hupita njia hiyohiyo. "Saranghae", yaani nakupenda, huwa "ttaranghae", na "bap meogeosseo?", yaani umekula?, huwa "bap meogeojjeo?". Wakorea wana jina la matamshi hayo, "hyeo jjalbeun sori", sauti ya ulimi mfupi, na jina hilo hutumika zaidi na yule aliyechoka kusikiliza kuliko yule anayefurahishwa.

Irabu nazo hurahisishwa, kwa mfano "mwohae?", yaani unafanya nini?, huwa "mohae?". Halafu kuna ile sauti uliyoitumia wewe, ng' ya "ng'ombe", ambayo hubandikwa mwishoni mwa sentensi hata "yo", kile kiishio cha heshima, ikawa "yong" na "ne", yaani ndiyo, ikawa "neng". Silabi ya mwisho huvutwa, na ndani ya silabi hiyo moja kiimbo hupanda kisha hushuka, jambo ambalo katika maandishi huwakilishwa na alama ya kiwimbi kama ile uliyoiweka baada ya salamu yako. Mwisho, msemaji huacha nafsi ya kwanza na kujitaja kwa jina: msichana aitwaye, tuseme, Minji, hasemi "nina njaa" bali "Minji ana njaa", kama asemavyo mtoto ambaye bado hajazoea kusema "mimi".

Mambo haya hayakuzuka Korea peke yake. Mwaka 1964 mwanaisimu Charles Ferguson alilinganisha lugha ya kitoto katika lugha sita, zikiwemo Kiarabu, Kimarathi na Kihispania, akakuta kwamba watu wazima wanaozungumza na watoto wachanga hurahisisha konsonanti, hurudiarudia silabi na kutumia majina badala ya viwakilishi nafsi, na akagusia kwamba wapenzi nao huazima lugha hiyo. Tofauti kubwa iko katika mwelekeo. Katika lugha ya kitoto ya kawaida, mkubwa ndiye anayemshukia mdogo. Katika aegyo, mtu mzima hujiweka mwenyewe katika nafasi ya mtoto na kumpandisha msikilizaji katika nafasi ya mlezi, naye msikilizaji huyo akikubali kuketi hapo, huwa amekubali pia wajibu unaoandamana na kiti hicho.

Kwa nini Wakorea waliupa mtindo huu jina, wakaushangilia hadharani na kuupima kana kwamba ni kipaji? Jibu langu ni kwamba lugha yenyewe haimruhusu msemaji kumaliza sentensi bila kutangaza uhusiano wake na anayemsikiliza. Kitenzi kimoja chenye maana ya "alikwenda" huweza kuwa "gasseumnida" mbele ya hadhira rasmi au mkuu wa kazi, "gasseoyo" kwa heshima iliyo laini zaidi, na "gasseo" kwa rafiki wa rika au mdogo wako. Tofauti ya mwaka mmoja wa umri inatosha kubadili kiishio, na ndiyo maana watu wawili wanaokutana kwa mara ya kwanza huulizana umri mapema sana. Tarehe 28 Juni 2023 sheria mpya ilianza kutumika Korea Kusini ili shughuli nyingi rasmi zifuate hesabu ya umri ya kimataifa badala ya ile ya jadi, ambayo humhesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja siku anapozaliwa. Lakini sheria hiyo haikuondoa desturi ya kumtambua nani mkubwa na nani mdogo.

Majina ya kuitana hufuata ngazi hiyohiyo. Mwanamke humwita kaka au mwanamume aliyemzidi umri "oppa", na humwita dada aliyemzidi "eonni". Mwanamume humwita kaka "hyeong" na dada "nuna". Anayeitwa hivyo hupata heshima, na papo hapo hubebeshwa mzigo: yeye ndiye anayetarajiwa kulipia chakula, kushauri na kuvumilia. Mdogo hawezi kudai. Akisema waziwazi "ninunulie", amevuka mpaka. Akivuta silabi na kusema "oppaaa" kwa kiimbo kile kinachopanda na kushuka, hajadai chochote. Amemkumbusha tu mkubwa kwamba yeye ni mkubwa, na mkubwa anapotoa, hutoa kwa ukarimu wake mwenyewe, si kwa kulazimishwa. Ndiyo maana naiona aegyo kuwa kazi ya akili. Inahitaji mtu ajue kwa usahihi amesimama wapi na mwenzake amesimama wapi.

Nyumbani kazi hiyo huanza mapema na kwa furaha. Kitinda mimba, "mangnae", hutarajiwa kuwachekesha babu na bibi, na baba anayelegea mbele ya binti yake huitwa "ttal babo", yaani mjinga wa binti, jina ambalo akina baba wengi hulibeba kwa fahari. Wakorea hutenganisha kudeka kwa mtoto anayetaka tu kubebwa, kunakoitwa "eorigwang", na aegyo, ambayo ina nia na ustadi ndani yake. Kuna msemo wa zamani kidogo usemao kwamba mtu anaweza kuishi na mbweha lakini hawezi kuishi na dubu, na hapo mbweha ni mke mwerevu wa maneno anayejua kumbembeleza mumewe, ilhali dubu ni yule mwema wa moyo lakini mzito wa ulimi. Msemo huo unaeleza mengi kuhusu matarajio yaliyowekwa juu ya wanawake, na unaeleza pia kwamba watu walijua tangu zamani kuwa upole huo wa sauti ni mkakati.

Hapa sasa tunagusa sehemu ya swali lako inayohusu kujidhalilisha, nami sitaki kuipita haraka. Aljosa Puzar na Yewon Hong, walioandika kuhusu aegyo mwaka 2018, waliishughulikia kama jambo linaloigizwa, na naona walikuwa sahihi: kila mmoja katika chumba anajua kwamba mwanamke huyo hana umri wa miaka mitatu, naye anajua kwamba wanajua, na raha yote inatoka katika makubaliano hayo. Wachumba wawili wanaodekeana kwa zamu hawamdhalilishi mtu. Dada mkubwa anayeombwa na mdogo wake amwazime koti, akaombwa kwa "eonniii" ndefu, hajadanganywa. Uigizaji wa hiari ni mchezo, na watu wazima wana haki ya kucheza.

Uigizaji wa kuamriwa ni jambo jingine. Mwezi Septemba 2013 Kang Ji-young, mwanachama wa kundi la muziki la Kara, alikuwa na umri wa miaka 19 alipoombwa na waendesha kipindi kimoja cha mazungumzo cha runinga aonyeshe aegyo mbele ya kamera. Alijitetea kwamba hana, wakaendelea kumshinikiza, na hatimaye machozi yakamtoka. Watazamaji wengi walimlaumu yeye, wakisema kwamba msanii aliyelipwa kuburudisha amekosa weledi. Tazama kilichotokea katika dakika zile chache: tendo ambalo thamani yake yote hutokana na kutolewa kwa ukarimu lilidaiwa kama ushuru, na aliyeshindwa kulipa ndiye aliyehukumiwa. Waendesha kipindi wale walikuwa wanaume waliomzidi umri, na ngazi ile niliyoieleza hapo juu ndiyo iliyomfungia mlango wa kukataa, kwa sababu mdogo hana kiishio cha kitenzi cha kusema "sitaki" kwa mkubwa mbele ya taifa zima bila kuonekana mkaidi. Nasema bila kusita kwamba hapo kosa halikuwa la binti.

Ombi kama hilo huwafikia pia wanawake wasiokuwa wasanii, hasa kwenye "hoesik", yaani mlo wa jioni wa wafanyakazi wa ofisi moja, ambako mfanyakazi mpya wa kike huweza kuambiwa achangamshe meza. Vuguvugu la wanawake lililopamba moto mwaka 2018 kwa jina la "tal koreuset", yaani kuivua koseti, lile vazi la kubana kiuno lililochukuliwa kuwa mfano wa masharti ya urembo, lilijulikana zaidi kwa kukata nywele na kutupa vipodozi, lakini sauti tamu ya kulazimishwa nayo ilihesabiwa na baadhi yao kuwa sehemu ya koseti hiyo. Wapo pia wasemaji wanaoichukia aegyo kwa sababu isiyo ya kisiasa: wakiisikia husema "ogeulgeorinda", kwamba vidole vinajikunja vyenyewe kwa aibu. Na anayeshukiwa kuficha makucha nyuma ya sauti laini husemwa kuwa na "naesung", unafiki wa kujifanya mpole. Kwa hiyo mwanamke hutembea kwenye uzi mwembamba, kwa kuwa akikosa aegyo huitwa mkavu, na akizidisha huitwa mnafiki.

Wanaume nao hudeka. Wasanii wa kiume wa K-pop huombwa aegyo katika vipindi na hukutana na mashabiki wanaoisubiri, na mume mbele ya mkewe huweza kuvuta silabi kuliko yeye. Lakini mwanamume akikosa aegyo hakuna anayemlaumu. Isitoshe, wanaume wengi wa Korea Kusini hupitia jeshi, ambako kwa miaka mingi askari alitakiwa kumaliza sentensi zake kwa viishio vikavu vya "-da" na "-kka" pekee, na "yo" ilionekana laini kupita kiasi kwa mwanajeshi. Wizara ya Ulinzi ililegeza kanuni hiyo mwaka 2016. Ukilinganisha, "yo" yenyewe tayari ni laini masikioni mwa watu hao, na "yong" ni laini mara mbili.

Eneo nalo lina nguvu yake. Katika mkoa wa kusini-mashariki wa Gyeongsang, wenye miji ya Busan na Daegu, wanawake huita "oppaya", na watu wa Seoul husikia kudeka katika neno hilo hata pale msemaji anapozungumza lahaja yake ya kila siku bila nia yoyote. Huko Korea Kaskazini suala hili limefika hadi kwenye sheria: Sheria ya Kulinda Lugha ya Kitamaduni ya Pyongyang, iliyopitishwa Januari 2023, inakataza vijana kumwita "oppa" mtu asiye ndugu wa damu, na inataja kwa karaha tabia ya kuvuta na kupandisha mwisho wa sentensi kwa mtindo wa Kusini. Ni mara chache serikali hutunga kifungu dhidi ya kiimbo, na kuwepo kwake kunaonyesha jinsi sauti ya Seoul ilivyopenya kupitia tamthilia zilezile unazozitazama.

Nirudi kwenye ujumbe wako. Uliuliza kwa nini "yo" haikukuokoa. Sababu ni kwamba kiishio hicho kilibaki mahali pake, ila ng' uliyoiongeza ilisema jambo la ziada: ilimwambia profesa kwamba ninyi wawili mmekwisha kuwa na ukaribu unaokuruhusu kudeka kwake, na kwamba unamtazamia akuhurumie kama dada au mama. Ukaribu huo haukuwepo, na mkubwa ndiye mwenye haki ya kuutangaza, si mdogo. Zaidi ya hayo, jambo uliloliomba lilikuwa lake kulikubali au kulikataa kwa kigezo cha masomo. Kudeka wakati wa kuomba muda wa ziada kunamfanya aonekane mkatili akikataa na mwenye upendeleo akikubali, na mwalimu yeyote makini hulikimbia jambo hilo.

Huenda pia umeona kwamba Wakorea wenyewe wanapoandikiana kazini hawatumii "ne" tupu, na hilo ni kweli. "Ne" pekee kwenye simu huonekana baridi, "neng" huonekana kudeka, na kati ya hizo mbili vijana wa ofisini wamepata "nep", inayofungwa kwa midomo ghafla kama askari anayepiga saluti. Wameiandika mara nyingi mno hata wakaipa jina la ugonjwa, "nepbyeong". Wewe ni mwanafunzi, na kwa profesa wako "ne" iliyo ndani ya sentensi kamili inatosha, bila "nep" wala "neng".

Wageni wanaojifunza kwa tamthilia za mapenzi hupata tatizo hili mara nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno wanayoyakariri ni ya watu wanaopendana. Ukitazama tena, mfuate mhusika mmoja wa kike kutoka chumba hadi chumba: anavyozungumza na mchumba wake usiku, kisha anavyomjibu meneja wake asubuhi, kisha anavyompigia simu mama mkwe. Utasikia viishio vitatu na sauti tatu. Kuhusu kuitumia wewe mwenyewe, subiri mpaka rafiki Mkorea aliyekuzidi umri akuambie "mal nwa", yaani shusha lugha, tuzungumze bila viishio vya heshima; kuanzia hapo "neng" yako itapokewa kwa kicheko kizuri, nawe utajua kwa uso wake kama uongeze au upunguze.

Kwa profesa wako huhitaji kuandika barua ndefu ya kuomba radhi, maana amekwisha kukurekebisha kwa upole na suala hilo kwake limekwisha. Ujumbe wako ujao ukiwa sahihi utamtosha. Uandike hivi: "Gyosunim, annyeonghaseyo. Gwajereul naeil jechulhaedo doelkkayo?" Umeona kwamba nimeacha kitenzi "naeda", ambacho ni cha mazungumzo, nikaweka "jechulhada", ambacho ni cha kuwasilisha kazi rasmi, na nimeacha "dwaeyo", inayouliza moja kwa moja kama inaruhusiwa, nikaweka "doelkkayo", inayomwachia yeye nafasi ya kufikiri na kuamua. Taja jina lako kamili na somo unalosoma kwake mara tu baada ya salamu, eleza sababu ya kuchelewa kwa sentensi moja, na mwishoni mwa kila sentensi weka nukta au alama ya kuuliza, pasipo kiwimbi.